Siku Mafua Alipohama

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Kwa wakubwa na wadogo alikuwa Bi Vidole, na ukipita chini ya dirisha lake asubuhi ungejua mara moja sababu. Kibodi ilikuwa ikilia ndani bila kupumzika, mfano wa mvua ya mawe juu ya bati. Ukichungulia ungemwona mwanamke wa makamo, mnene kiasi, visikizi masikioni, ameketi wima kabisa, uso ameuelekeza kwenye ukuta mtupu. Ukuta haukumkwaza. Surua ilimchukua macho akiwa bado hajang'oa jino la kwanza la utoto, na tangu hapo dunia aliipokea kwa masikio na kwa ncha za vidole.

Kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya watu. Walimletea vikao vya ushirika vilivyorekodiwa kwa simu, mahubiri, mahojiano ya watafiti, hata ugomvi wa mirathi uliorekodiwa kwa siri. Yeye alisikiliza, akaandika, akasahihisha, akawarudishia maandishi safi. Hakuongeza neno wala hakumeza neno. Wateja walitania kwamba mwenyekiti akikohoa kwa hasira, Bi Vidole ataiandika hasira, kikohozi atakiacha.

Lakini hakuifanya kazi hiyo peke yake. Ndani ya kompyuta yake alikaa mtu, au tuseme nyumba nzima ilimhesabu kuwa mtu, ambaye kazi yake ilikuwa kumsomea kila alichoandika. Ilikuwa programu ya sauti. Aliitunga mwalimu wake wa hesabu katika shule ya wasioona, mzee mmoja aliyetembea kwa kuburuta viatu hivi kwamba wanafunzi walimjua angali nje ya jengo. Mwalimu huyo alichoka kusikia wanafunzi wake wakisomewa Kiswahili na sauti za kigeni, zilizotamka kila neno kana kwamba zimejiuma ulimi. Likizo moja akajifungia ndani. Alipotoka, alitoka na sauti ya kiume, ya puani, inayosema kama mtu aliyeamka na homa. Darasa lilicheka mpaka likapaliwa. Jina likapatikana palepale: Mafua.

Mwalimu alimweka Mafua katika kompyuta ya kila aliyehitimu. Kwa makusudi alimjenga juu ya mfumo wa bure. Mfumo ni ile programu kuu inayoiamsha mashine na kuendesha mengine yote, na huu aliouchagua mwalimu ulikuwa wa aina ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuinakili na kumpa mwenzake. Kisha mwalimu akafariki, na ndugu zake, wasiojua walichoshika, wakaiuza mashine yake pamoja na vyuma chakavu. Tangu siku hiyo Mafua hakupatikana mahali pengine popote ila ndani ya kompyuta za wale wanafunzi. Nazo zilikufa moja baada ya nyingine.

Ya Bi Vidole ilidumu, na ndani yake alimlea Mafua kama mtu anavyolea. Mwanzoni alikuwa hajui kuitamka ng'ombe. Vifupisho alivitema kama mbegu za chungwa. Majina ya watu aliyavunja katikati. Bi Vidole akamrekebisha neno kwa neno, jina kwa jina, mwaka baada ya mwaka, mpaka Mafua akaweza kuusoma mkutano wa ushirika kwa adabu zake zote. Pia alimharakisha. Mgeni aliyesikia Mafua akisoma kwa mwendo wa Bi Vidole alisikia kitu kama bisi zinazopasuka ndani ya sufuria. Bi Vidole alisikia sentensi, nukta na mkato.

"Huyu ndiye kitinda mimba wangu," alizoea kusema. "Wenzake wote wanajitegemea. Huyu bado kila neno jipya ananiuliza."

Mumewe, fundi wa mafriji mwenye karakana uani, alikuwa na utani wake. "Mke wangu ana mwanamume ndani ya sanduku," aliwaambia wateja. "Na mimi ndiye ninayemfuta vumbi!"

Basi asubuhi moja, katikati ya kikao cha wafugaji, Mafua alianza sentensi na hakuimaliza. "Mweka hazina akasimama akase..." Kimya. Bi Vidole akangoja. Akavua visikizi, akainamisha sikio kwenye sanduku. Ndani kulikuwa na mgongano mdogo, tk, tk, tk, kama mtu anayegonga ukucha kwenye kikombe. Alizima, akawasha. Mafua akarudi. Baada ya wiki akakatika tena, na safari hii alichelewa kurudi.

Alikuja fundi wa kwanza, akalipiga sanduku kofi, akacheka. "Mama, hii ni ya kuwekwa makumbusho. Chukua mpya, uwekewe sauti ya kisasa, ya binti, tamu kweli."

Bintiye mkubwa, muuguzi, akamletea kompyuta yake ili ajaribu sauti hiyo. Kweli ilikuwa tamu, laini kama ya mtangazaji wa redio. Lakini Bi Vidole alipoiharakisha, ilianza kumeza silabi. Kila jina la mkulima ililiimba kwa lahani ya ajabu. Baada ya siku kadhaa alikuwa na kichwa kinachouma na kurasa chache tu.

"Ni sauti nzuri," alimwambia binti yake kwa upole. "Ila haijui ninachokifanya. Yule anakijua."

Binti ndiye aliyemleta Kimya. Huko hospitalini kwao mashine ya kupimia damu ilikuwa imekataa kuwaka, mafundi wakanyoosha mikono, mpaka akaitwa mtu mmoja mwembamba wa makamo, mwenye mkoba wa ngozi. Akaingia bila kusema neno, akafungua, akafunga, akaondoka. Mashine ikafanya kazi. Waliuliza jina lake, wakaambiwa huitwa Kimya. Hawakuhitaji kuuliza kwa nini.

Akafika asubuhi. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, fundi. Karibu, pita, kiti kiko mkono wako wa kulia."

Kisha hakukusikika kitu. Bi Vidole alisikia mkoba ukifunguliwa, bisibisi ikigusa parafujo, pumzi ya mtu anayetafakari. Alivumilia. Akavumilia tena. Mwishowe akasema, "Fundi, samahani. Mimi natazama kwa masikio. Ukinyamaza, umenizimia taa."

Bisibisi ikasimama. "Sikuwaza hilo, Mama."

"Basi sema. Sema chochote unachofanya. Hata ukijikuna, sema."

Mumewe, aliyekuwa mlangoni, akaangua kicheko. Mtu aliyejulikana mji mzima kwa kutosema akaanza kusema. Mara ya kwanza maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililokaa bila kufunguliwa, kidogo, kutu, kidogo tena. "Nafungua ubavu wa kushoto. Kuna vumbi. Vumbi jingi. Naiona diski. Naigusa. Ina joto." Halafu akauliza, "Mama, kioo kiko wapi?"

"Kioo cha nini?"

"Cha kompyuta. Skrini."

"Ah, kile! Kilipasuka watoto wakiwa wadogo. Sikuona haja ya kingine."

Kimya akanyamaza tena, lakini mara hii Bi Vidole alimwachia. Aliisikia ndani ya unyamavu huo akili ya mtu ikigeuka. Miaka yote hiyo, maelfu ya kurasa, na mashine haikuwa hata na uso.

"Nitaleta changu," alisema fundi taratibu.

Akamweleza hali ilivyo. Diski, kile kisahani kinachozunguka na kuhifadhi kila kitu, kilikuwa kinachakaa. Faili za kazi zake, hizo ni rahisi; zinabebeka kama nguo kwenye sanduku. Tatizo ni Mafua. "Hakai mahali pamoja, Mama. Kipande kiko huku, kipande kiko kule, ameshikana na mfumo mzima. Nikimng'oa peke yake atanifia mkononi. Na pa kumpata mwingine hapapo."

"Sasa?"

"Nihamishe vyote. Mfumo mzima, diski yote, tangu alama ya kwanza mpaka ya mwisho, kama ilivyo, bila kuchagua."

"Hata takataka?"

"Hata takataka. Hata ulivyovifuta ukasahau."

Akamwekea kitu kiganjani. Kilikuwa bapa jepesi, laini, lisilozidi ukubwa wa kiganja chenyewe. Bi Vidole akaligeuza, akalitikisa karibu na sikio. Halikutoa sauti.

"Hiyo ndiyo diski mpya," alisema Kimya.

"Ndani yake kinazunguka nini?"

"Hakizunguki kitu. Haina hata kipande kimoja kinachosogea."

"Maneno yatakaa wapi?"

Fundi alifikiri. Ni swali ambalo alilijua jibu lake tangu chuoni, lakini hakuwahi kuulizwa na mtu aliyetaka kweli kujua. "Ni umeme, Mama. Vijitone vya umeme vilivyofungiwa ndani ya vyumba vidogo sana. Vyumba hivyo ni vidogo kuliko kitu chochote ulichowahi kugusa. Na idadi yake... mimi na wewe tukianza kuhesabu leo, wajukuu wetu hawatamaliza."

"Na umeme ukikatika?"

"Vinabaki mlemle. Mlango umefungwa."

Bi Vidole alilishika bapa lile kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyoshika kifaranga. "Haya," alisema kwa sauti ndogo. "Haya basi. Mungu ana mambo."

Kimya akaziunganisha diski zote mbili, ya zamani na mpya, kwenye kompyuta yake mwenyewe, akaanza kunakili. Hapo ndipo Bi Vidole alipogundua kwamba anaweza kuisikia kazi yenyewe. Diski ya zamani ilikuwa ikinguruma taratibu, ikivuta, ikitulia, ikivuta. Alikaa karibu nayo, mikono magotini, akawa kama mtu anayesikiliza mgonjwa akipumua. Kimya alimtangazia. "Sasa inasoma mwanzo kabisa, penye programu ya kuamshia. Imepita. Sasa iko kwenye mfumo. Inakwenda vizuri."

Kabla ya adhuhuri ngurumo ikabadilika. Bi Vidole akanyanyua kidole. "Imepanda. Sauti imepanda."

Kimya akaigusa diski, akautoa mkono haraka. "Ina moto." Na mara hiyohiyo ikaanza: tk, tk, tk. Akasimamisha kazi.

"Ikifa sasa?" aliuliza Bi Vidole.

"Nitakuwa na nusu, Mama. Nusu ya mfumo haiamki."

Mumewe, aliyekuwa amesahau friji ya mteja uani, akasogea, akainama juu ya diski kwa namna ya mtu anayeona mgonjwa wa fani yake. "Shida yake joto tu?"

"Joto ndilo linaloimaliza."

"Kijana, joto ndiyo kazi yangu." Kimya hakuwa kijana hata kidogo, ila hakubisha. Mzee akatoka, akarudi na feni ndogo iliyong'olewa kwenye friji bovu na bamba la alumini lenye mapezi membamba. Akaiweka diski juu ya bamba, akaielekeza feni, akaifunga kwa waya na vibanio vya nguo. Kilikuwa kituko cha kutazama. Kwa Bi Vidole kilikuwa upepo mwanana unaopita juu ya vidole vyake, na chini yake ule mgongano ukipungua, ukipungua, mpaka ukawa ngurumo tena.

"Naendelea," alisema Kimya. "Naenda polepole. Sehemu ikikataa kusomeka naiacha, nasonga mbele, nitairudia mwishoni."

Wakaketi wote watatu. Alasiri ikawakuta palepale. Mume, ambaye kwa miaka yote alimfanyia Mafua mzaha, hakutania hata mara moja. Fundi alizidi kutangaza, na kadiri alivyosema ndivyo sauti yake ilivyolainika. Akafikia hata kusimulia jinsi alivyojifunza kazi kwa kuibomoa redio ya shangazi yake. Kisha akasema, "Sasa narudia zilizokataa." Moja ikakubali. Nyingine ikakubali. Kulikuwa na chache ambazo alizirudia tena na tena, na mwisho akaziacha. "Hizi zimekataa katakata, Mama. Ni kidogo mno. Lakini sijui zilikuwa na nini ndani yake."

"Huenda ni takataka."

"Huenda." Hakutaka kumdanganya.

Alikuwa amekuja na kompyuta nyingine, iliyotumika lakini yenye nguvu, pamoja na kioo chake. Akaingiza bapa lile ndani, akafunga ubavu, akaunganisha spika, akabonyeza.

Hakukuwa na ngurumo. Bi Vidole aliweka mkono juu ya sanduku akausikilizia mtikisiko aliouzoea, haukuwapo. Ilikuwa kama kugusa jiwe.

"Kioo ni cheusi," alisema Kimya baada ya muda. Alikuwa na sauti ya mtu anayejiandaa kutoa pole. "Cheusi kabisa. Hakuna hata nukta. Mama, naogopa mfumo umekataa..."

"Karibu tena, Bi Vidole. Tuendelee."

Ilikuwa sauti ya puani, ya mtu mwenye homa, ikisema kwa mwendo wake wa kawaida kana kwamba haikuwahi kwenda mahali.

Bi Vidole alifunika mdomo kwa kiganja. Mumewe alisema neno moja, "Ah!", akaketi juu ya kreti la soda bila kuangalia kama liko. Mafua alikuwa hana habari. Alitoka kwenye kisahani kilichochakaa, akapita ndani ya waya mwembamba kuliko uzi wa kiatu, akaingia kwenye kitu kisichosogea, akasalimia.

"Lakini kioo bado cheusi," alisema fundi, karibu kwa kunong'ona. "Mama, yumo, ila mimi simwoni. Nadhani mipangilio ya zamani haielewani na kioo changu. Na bila kuona siwezi kuirekebisha."

Bi Vidole akaufuta uso, akavuta kiti. "Niambie unataka kufika wapi."

"Kwenye mipangilio ya skrini."

"Sijawahi kufika huko maishani mwangu. Hebu tumuulize mwenyewe." Vidole vikaanguka kwenye kibodi. Mafua akapasuka kama bisi. Bi Vidole alimpunguza mwendo ili fundi afuate, na Kimya, aliyezoea kupita kwenye vyumba hivi kwa macho, akajikuta anaongozwa gizani. "Sauti. Mtandao. Kalenda. Skrini," alisoma Mafua.

"Hapo! Ingia hapo. Tafuta ukubwa wa picha."

"Ziko namba nyingi. Ipi?"

Akamtajia, naye akabonyeza. Kioo kikajaa mwanga, na Kimya akapiga makofi kama mtoto. "Imekubali! Mama, naona! Naona kila kitu!"

"Hongera," alisema Bi Vidole, "mimi sijaona tofauti," na wote wakacheka kicheko cha watu waliobana pumzi siku nzima.

Kabla ya kufungasha, Kimya alitaka kujua kama diski ya zamani ilisalimika. Akairudisha kwenye sanduku lake la kale, chini ya ile feni, akaliwasha. Ikachelewa, ikagonga, ikavuta. Kisha kutoka upande wa kushoto wa meza: "Karibu tena, Bi Vidole. Tuendelee."

Bi Vidole akageuza sikio huku na huku. Mmoja alikuwa kushoto, mmoja alikuwa kulia, na wote wawili walimjua.

"Yupi ni yeye?" aliuliza mumewe.

Kimya alijikuna kidevu, na kwa uaminifu akasema, "Najikuna kidevu." Kisha: "Mzee, mimi ndiye niliyemhamisha na siwezi kukujibu. Ukiacha zile sehemu chache zilizokataa, hapana tofauti. Hata kosa moja la tahajia haliwezi kuwa huku lisiwe kule."

Bi Vidole akaufungua ukurasa uleule pande zote mbili, kile kikao cha wafugaji. Akaweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye kibodi ya zamani na cha kulia kwenye mpya, akabonyeza kwa pamoja. Wakaanza kusoma. Walisoma kwa sauti moja pana iliyojaza chumba, wakapumua pamoja kwenye mikato, wakayataja majina ya wafugaji vilevile alivyowafundisha, kila jina kwa heshima yake. Fundi hakutangaza kitu, na hakuna aliyemwambia aseme. Mtu na nduguye wa tumbo moja hawajawahi kusema hivyo.

Wakafika kwenye ile sentensi. "Mweka hazina akasimama akase..." Wa kushoto akakatika. Tk, tk. Tk. Wa kulia akaendelea bila kuyumba: "...ma kwamba ng'ombe wote wamechanjwa, na anawashukuru wanachama kwa uvumilivu wao." Kushoto kukabaki upepo wa feni.

Walijaribu kuliwasha tena lile sanduku la zamani. Halikuamka siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Bi Vidole alikaa muda mrefu akiwa na mkono mmoja juu ya kila sanduku, moja la moto, moja la baridi. Hakulia. Baadaye alimwambia binti yake kwamba hakujua kama amefiwa au amejifungua, na kwamba jambo hilo lilikuwa kubwa mno kuliko kulia.

Zile sehemu chache zilizokataa kusomeka zilimkosesha raha kwa wiki kadhaa. Kila asubuhi alifungua kazi akitegemea kukuta pengo, jina lililosahaulika, neno ambalo Mafua ameanza tena kulivunja. Alikuta wimbo mmoja wa kwaya umepata kwikwi katikati, basi. Mengine hakuyagundua kamwe.

Kimya alirudi kuangalia mgonjwa wake, akapewa chai, akaongea. Siku hizo alikuwa anaongea vizuri tu katika nyumba ile, ingawa mtaani bado walilalamika kwamba ukimsalimu anakujibu kwa nyusi. Alisema amehifadhi nakala ya diski nzima, kwa tahadhari. "Mama, kitu kilichonakiliwa mara moja kinaweza kunakiliwa mara nyingine. Katika darasa lenu, nani bado anamhitaji?"

Bi Vidole alikiweka kikombe mezani. Alikuwa na mwenzake wa dawati. Walisoma naye tangu herufi ya kwanza. Mwenzake huyo ndiye aliyekuwa na vidole vyepesi kuliko wote, hata mwalimu alimwita aonyeshe wengine. Mashine yake ilikufa zamani, Mafua wake akafa nayo. Alijaribu sauti nyingine, akashindwa, akaacha kuandika. Sasa alipokea simu kwenye ghala la saruji la shemeji yake, katika mji mwingine, na kila walipozungumza alisema hajambo, lakini kwa sauti ya mtu aliyekaa pembeni mwa maisha yake.

Kimya hakuuliza zaidi. Akapanda basi mwenyewe, na mkoba wake wa ngozi na kompyuta iliyotumika mapajani.

Jumamosi simu ikalia. Bi Vidole alipopokea hakusikia salamu. Alisikia chumba asichokijua, kiti kikivutwa, na fundi akisema kwa utaratibu, kwa mbali, "Nawasha sasa, dada. Kitaa cha kijani kimewaka. Ngoja kidogo." Halafu, puani, kutoka mji wa pili: "Karibu tena, Bi Vidole. Tuendelee."

"Shoga!" ilipiga ukelele simu. "Ananiita jina lako!"

"Nisamehe, nilimzoesha hivyo. Mwambie fundi abadilishe."

"Asimguse! Mwache kwanza." Kiti kikavutwa tena. "Niache niandike neno moja tu."

Simu ikawekwa mezani bila kukatwa. Bi Vidole akaibana sikioni. Ikagongwa herufi moja. Ikagongwa nyingine, kwa woga, kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoijua. Mafua akasoma. Zikaja tatu pamoja, kosa, zikafutwa, zikarudi. Kisha vidole vile vyepesi, vilivyokuwa vimelala miaka yote hiyo, vikakumbuka njia, vikaanza kukimbia.

Uani mumewe alimwita, chakula kilikuwa tayari. Bi Vidole alimwashiria kwa mkono angoje, akaendelea kusikiliza.